Vikombe vya kahawa na GLIBC

Jana usiku muuza kahawa alipita chini ya dirisha akigonga vikombe vyake, nami faili la spec (maagizo ya kufungasha programu ya Linux) li wazi mbele yangu. Mkono ukasita. Ilikuwa Ganjoni, Mombasa, tena, 2020.

Nilikuwa na mashine kumi na mbili za kuziwekea programu yetu. Programu hiyo ilibeba ndani ya /opt libpq.so.5 yake, laibrari ya kuongea na hifadhidata ya PostgreSQL. Na rpm, chombo cha kufungasha na kusakinisha, huchungulia kila faili la ELF (umbo la programu na laibrari za Linux), ikajiandikia kinachohitajika na kinachotolewa. Ikatangaza kwamba sisi twatoa libpq.so.5()(64bit). Programu ya ripoti ikaingia kwa kuamini hivyo. Kuwashwa, haikuiona libpq, maana ld.so, inayozitafutia programu laibrari zake, haitafuti ndani ya /opt bila kuelekezwa. Hilo nililitibu kwa kuizuia rpm kutangaza vilivyomo /opt:

%global __provides_exclude_from ^/opt/.*$

Mashine ya ripoti ikapona. Zile nyingine, zisizo na libpq ya mfumo wala intaneti, zikagoma: kifurushi chadai laibrari isiyotolewa na yeyote. Saa tano usiku, njaa tele, nikanakili mstari uleule, nikabadili provides (kinachotolewa) kuwa requires (kinachohitajika).

Kifurushi kikaingia bila neno. Muuza kahawa, aliyekuwa amepanda kumtilia mlinzi, akaniwekea kikombe na kipande cha kashata kando ya kibodi. Nikaiwasha programu.

/lib64/libc.so.6: version `GLIBC_2.28' not found

Niliusoma mstari ule mara nne hivi. Mvuke wapanda, kashata yamomonyoka juu ya vitufe.

"Kahawa yapoa, mwanangu."

Nilijengea kwenye CentOS 8, Linux yenye glibc 2.28; glibc ndiyo laibrari ya msingi, na libc.so.6 ni faili lake. Mashine ile ilikuwa CentOS 7, glibc 2.17. Siku nyingine rpm ingekikataa mlangoni, kwa kuwa kifurushi kingedai libc.so.6(GLIBC_2.28)(64bit). Lakini _from katika mstari ule haichuji jina moja. Huacha kukagua faili zima, libc na yote. Bawabu nilimfukuza mwenyewe.

Nikajenga upya kwenye 7, kwa mstari huu:

%global __requires_exclude ^libpq\\.so\\.5

Mikwaju ya kinyume ni miwili kwa kuwa makro (mstari huo wa %global) humeza mmoja. Kisha rpm -qp --requires, amri ya kuorodhesha mahitaji ya kifurushi, kabla faili halijatoka kwangu.

Jana niliiendesha amri hiyo mara tatu. libc.so.6 ilikuwepo mara zote tatu. Juu ya mstari nikaandika maelezo, nikayafuta, nikayarudisha. Kufika dirishani, vikombe vilishapinda kona.