Anatazama Mawenzi ili aione Kibo

Moshi, Jumapili usiku

Leo mlima Kilimanjaro umetoka mapema, vilele vyote viwili, Kibo na Mawenzi, kabla ya saa moja, mweupe kabisa. Baba Eliya, mume wangu, alikuwa ameshakaa barazani, kama kawaida yake tangu tulipohamia hapa Soweto. Nilipompelekea chai nikamkuta amegeuza uso kulia, kama mtu anayesikiliza maongezi ya jirani. Nikamwuliza anaangalia nini huko. "Mawenzi," akasema. "Nikiangalia Mawenzi, Kibo naipata. Nikiikazia macho yenyewe, inapotea."

Nilisimama na kile kikombe mpaka kikaanza kunichoma vidole.

Yote yalianza na fremu ya mlango. Mwaka juzi alishikilia kwamba fundi ametupigia fremu iliyopinda, akamwita arudi. Kijana wa watu akaja na pima maji yake, akaiweka kwenye mbao, kile kipovu kikatulia katikati. Baba Eliya akaendelea kusema imepinda. Mimi nikamtetea fundi, tena mbele yake, nikasema wazee mkishafika umri huu mnakuwa wabishi. Fremu ilikuwa imenyooka kweli. Lakini na yeye alikuwa anasema kweli, kwa jicho lake ilikuwa imepinda. Mistari iliyonyooka kuonekana imejikunja ni dalili, na sisi tuliipa jina la ubishi.

Baadaye tukaenda kwenye duka la miwani. Wakatuambia ni mtoto wa jicho, ndiyo kwanza anaanza, tusubiri akomae. Tukasubiri miezi saba. Miezi hiyo saba ndiyo inayoniamsha usiku.

Tulipopata rufaa ya kwenda KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi, ndipo tukaambiwa jina lenyewe: kuchakaa kwa makula. Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, nyuma ya jicho, ya milimita chache tu. Hiyo ndiyo tunayosomea, tunayotungia uzi kwenye sindano, tunayomtambulia mtu sura. Ikiharibika, katikati ya kile unachokitazama panaingia ukungu au doa, ila pembeni panabaki. Jicho la kulia lina aina kavu, inayokwenda polepole. La kushoto lina aina ya maji: vijishipa vya damu vimeota chini ya retina pasipo mahali pake, ni dhaifu na vinavuja. Aina hii haingoji. Wiki chache tu zinaweza kuleta hasara kubwa.

Daktari akamwuliza kama amewahi kuvuta sigara. "Miaka thelathini," akajibu. Nikaangalia sakafu. Kwenye haisi ya kurudi sikumsemesha hata neno moja, maana ni mara ngapi nilimsihi aache? Ilinichukua siku kadhaa kumkumbuka mama yake, marehemu, ambaye miaka yake ya mwisho alikuwa anashikwa mkono kupelekwa kanisani. Sisi tulisema ni uzee. Huenda naye alikuwa na haya haya, kwa sababu ugonjwa huu hufuata damu pia. Tangu hapo hasira yangu imekosa pa kukaa.

Sindano ya jichoni niliiogopa kuliko yeye. Wanamwekea matone ya ganzi, wanasafisha kwa dawa ya kahawia, wanashikiza kope kwa kijichuma zisifumbe, na sindano yenyewe ni sekunde chache tu. Anasema haiumi, ni kama kubonyezwa. Siku hiyo jicho linavilia damu na yeye anaona vitu vyeusi vinaelea. Mwanzoni ni moja kila mwezi, mara tatu, kisha wanapima na kuamua. Dawa inazuia vile vijishipa visivuje. Kovu lililokwisha kujiweka halifuti, na hilo daktari alilisema waziwazi. Namshukuru kwa hilo. Alisema pia kwamba ugonjwa huu peke yake haumwingizi mtu gizani kabisa. Shemeji zangu bado wanawaambia watu kaka yao amepofuka.

Hapa nyumbani nimejifunza kwa kukosea. Usiku mmoja nilimwona anapapasa sahani yake kwa vidole, anautafuta ugali. Ugali mweupe, sahani nyeupe, kitambaa cha meza cheupe nilichokishona mwenyewe! Kesho yake nilikwenda sokoni Mbuyuni nikanunua sahani za bluu. Chai ya maziwa sasa anapata kwenye kikombe cheusi. Swichi ya jiko la gesi nimeitia rangi ya kucha nyekundu pale panapozimika. Na watoto wa mtaani nimewaambia, mkimwamkia babu tajeni na jina, "Shikamoo babu, mimi Asha," maana wapo waliokwisha kuona kwamba anawapita kwa maringo.

Mwezi wa nne aliniambia jambo alilokuwa amelificha wiki tatu. Jioni alikuwa anaona vitenge vimeanikwa ukutani, vya maua, rangi zimekolea, na huku anajua fika kwamba havipo. Alinyamaza kwa kuogopa kuambiwa amerukwa na akili, au kwamba wazee wa ukoo wanamwita. Daktari hakushangaa. Akasema ubongo ukikosa picha kutoka jichoni hujitengenezea za kwake, na kwamba msomi mmoja wa Geneva, Charles Bonnet, aliyaandika hayo mwaka 1760 kuhusu babu yake mwenyewe. Mume wangu akashusha pumzi ndefu, nikahisi bega lake limelegea kwenye bega langu. Wiki tatu zote hizo alikuwa ameyabeba peke yake, nami nalala kitanda kimoja naye.

Nimewaza mengi tangu asubuhi. Kwa miezi kadhaa nimekuwa naumia kwamba nikiongea naye anaangalia sikio langu, au pazia. Nilidhani amenichoka, au anaona aibu. Kumbe alikuwa ananitafuta.

Kwenye mlango wa friji tumebandika karatasi ya miraba yenye nukta katikati, tuliyopewa hospitali. Anafumba jicho moja, anakazia nukta, ananionyesha panapopinda. Ile ya kwanza ilichakaa, sasa nakata kurasa za daftari la hesabu la mjukuu. Leo baada ya chakula tumefanya jicho la kushoto, nimepitisha penseli pale aliponionyesha, nikaiweka kando ya ile ya Jumapili iliyopita. Panapopinda ni palepale. Nimeandika tarehe nyuma, nimeitia kwenye bahasha pamoja na kadi ya bima. Kesho tunatoka saa moja, ni sindano ya sita.