Nilivyozipanga santuri za Pesnyary kwa mwaka

Santuri za Pesnyary zinasumbua kuzipanga kwa sababu kadhaa kati yake zina jina la bendi tu kwenye jalada, na mwaka mara nyingi haupo. Bendi yenyewe ni ya Minsk, Belarus. Vladimir Mulyavin aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la Lyavony, ikawa Pesnyary, na mwaka 1970 iling'ara katika mashindano ya Muungano wa Kisovieti mjini Moscow. Bendi za aina hiyo, zilizoitwa VIA (kifupi cha Kirusi cha kundi la sauti na ala), ziliajiriwa na taasisi za serikali, na santuri zilitolewa na kampuni moja, Melodiya. Kampuni moja maana yake mfumo mmoja wa namba, na mimi nilianzia hapo.

Jalada niliweka pembeni, nikasoma lebo ya katikati. Kuna namba mbili za kutazama, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya katalogi: hiyo inakupa toleo la kwanza lilitoka lini, takriban. Ya pili huanza na ГОСТ 5289, yaani kiwango cha serikali, na tarakimu zinazofuata ni mwaka wa kiwango: 61, 68, 73, 80 au 88. Hii inahusu nakala uliyoishika. Albamu ya kwanza ya mwaka 1971 ikiwa na 5289-73, basi umeshika chapa ya baadaye, hata kama muuzaji anaapa ni ya mwanzo. Na 73 haina maana ya mwaka 1973. Nakala inaweza kuwa ya mwaka wowote hadi kiwango cha 80 kilipoingia.

Katalogi ilibadilika mwaka 1975. Kabla yake Д, herufi inayofanana na kibanda, ilikuwa ya mono, С ya stereo. Baadaye mono ikawa М, na tarakimu mbili zikaongezwa: С60 ni stereo, muziki wa burudani (6), sahani ya sentimita 30 (0). С62 ni ile ndogo ya sentimita 17. Namba huishia kama 1-2 kwa kuwa kila upande una yake. Angalizo la utafutaji: С hii ni ya Kirusi. Ukipiga C ya kwetu kwenye kibodi, hifadhidata nyingi zitakujibu hakuna kitu.

Namba ikishindwa, nasikiliza. Mwimbaji Leonid Bortkevich aliingia kwenye bendi mwaka 1970 na kutoka 1980, kwa hiyo sauti yake kwenye rekodi ya enzi ya Kisovieti inakufungia muongo. Kwa mikusanyiko hili ndilo la kutegemea, maana namba ya mkusanyiko ni mpya ilhali rekodi zilizomo ni za zamani.

Kuhamishia sauti kwenye kompyuta, naosha santuri kwanza: maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, tone la sabuni ya maji, kitambaa laini, kufuata mzunguko wa mifereji. Lebo isilowe, wino unatoka. Narekodi biti 24, kilohezi 96, kilele kisipite -6 dB. Za mono naziunganisha chaneli mbili kuwa moja. Mkwaruzo unaotokana na sindano kucheza juu na chini hupungua sana. Nakala zilizochezwa na vichwa vizito vya zamani zimeliwa mifereji, na sauti za kwaya hukwaruza kwenye noti za juu. Hapo programu haisaidii, tafuta nakala nyingine.

Sahani laini za plastiki zilizotolewa na jarida la Kisovieti la Krugozor huteleza na kujikunja. Ziweke juu ya santuri ngumu usiyoihitaji, na sarafu kwenye lebo, mbali na mkono wa sindano.

Faili naziita kwa namba ya katalogi, kisha mwaka wa ГОСТ, kisha upande. Guslyar, iliyotokana na utenzi wa mshairi wa Belarus Yanka Kupala na kutungiwa muziki na Igor Luchenok, ni kazi moja inayoungana. Kila upande nimeuacha faili moja bila kuukata.