Mustang ya 1966: spea ikiingia si lazima iwe ndiyo yenyewe

Ushauri ulionigharimu kuliko wote ni huu: "Windsor ni Windsor, chukua yoyote, bolti zitaingia." Windsor ni jamii ya injini ndogo za V8 za Ford. Bolti ziliingia kweli. Ndiyo maana nilichelewa kujua kosa liko wapi.

Gari ni Ford Mustang hadtopu (paa gumu lisilokunjwa) ya 1966. Namba yake ya chesi inaanza na 6F07C, na kila herufi hapo ina kazi: 6 ni mwaka, F ni kiwanda cha Dearborn, 07 ni hadtopu, C ni V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya midomo miwili. Asiyeuliza hiyo C kabla ya kukuuzia spea ya injini, usimsikilize. Injini za jamii hii Ford iliendelea kuzitoa hadi miaka ya 1990, na kwa macho zinafanana kama mapacha.

Pampu ya maji ilianza kutoa tone kwenye kitundu kilicho chini ya shafti, yaani sili ya ndani imekwisha. Nikauziwa pampu mpya ya 302 ya miaka ya 1980, yaani Windsor ya inchi za ujazo 302. Ikakaa kwenye bloku vizuri kabisa. Dalili ya kwanza niliiona nikaipuuza: mdomo wa hozi ya chini ulikuwa upande wa kushoto (ukiwa umekaa ndani ya gari), wakati rejeta ya 1966 hutoa maji upande wa kulia. Nikatafuta hozi ndefu yenye kona, nikaivusha mbele ya injini, nikaona nimemaliza. Injini ikachemka ndani ya robo saa. Nikabadilisha themostati, nikasafisha rejeta, nikabadilisha kifuniko cha rejeta, nikatoa hewa kwenye mfumo mara tatu. Bado inachemka, na hozi ya chini inabaki vuguvugu huku ya juu haishikiki.

Kilichonifumbua macho ni fani belti. Injini nyingi za 302 za wakati ule zilitumia belti moja pana inayozunguka vifaa vyote, na pampu huendeshwa na mgongo wa belti hiyo, kwa hiyo inazunguka kinyume. Mustang ya 1966 ina belti ya umbo la V, na pampu inafuata mzunguko wa krankishafti. Niliifungua ile pampu, nikaigeuza, nikatazama mapanga yake ya ndani: yamepindwa kusukuma maji kwa mzunguko ule mwingine. Ukiyazungusha kinyume maji yanatembea kidogo tu, kiasi cha kukudanganya kwamba pampu ni nzima. Tangu hapo sinunui pampu bila kuona picha ya mgongo wake, na bila kuuliza mdomo wa hozi uko upande gani. Kulia ni za kabla ya 1970. Kushoto ni za 1970 kuja mbele.

Kung'oa pampu kwenyewe kuna mtego. Bolti ndefu hupita kwenye pampu, kwenye kifuniko cha taiming, mpaka ndani ya bloku, na baadhi huishia kwenye maji. Baada ya miaka zinashikana na kutu kwenye shina, si kwenye kichwa, na ukizilazimisha zinakatika ndani. Nilizimwagia mafuta ya kulegeza kutu siku nne mfululizo, nikapasha joto kuzunguka tundu, kisha nikaanza kwa kukaza, kukaza kidogo sana mpaka nisikie "tik", ndipo nikarudi nyuma robo mzunguko, mbele, nyuma. Zote zilitoka nzima. Wakati wa kurudisha, nyuzi za bolti zinazoingia kwenye maji zipakwe dawa ya kuzuia kuvuja, la sivyo maji yatapanda kwenye nyuzi na utalaumu gasketi bure.

Sasa namba za spea. Hapa ndipo pesa inapookolewa, na nashangaa mafundi wengi hawafundishi. Namba za Ford zina sehemu tatu. Chukua C6AE-6015-C, namba iliyochongwa kwenye bloku. C ni miaka ya 1960 (B ni ya 1950, D ni ya 1970), 6 ni mwaka wa 6 wa muongo huo, A ni gari kubwa la Ford ambalo kifaa kilisanifiwa kwa ajili yake, E ni idara ya injini. 6015 ni jina la kifaa, yaani bloku, na haibadiliki iwe Mustang, iwe lori. Herufi ya mwisho ni toleo. Silinda hedi ni 6049, pampu ya maji 8501, masta silinda 2140, kabureta 9510, distributa 12127.

Angalia hiyo A tena. Bloku hiyo iko kwenye Mustang nyingi, lakini herufi inasema gari kubwa, kwa sababu herufi inaonyesha kifaa kilisanifiwa kwa ajili ya gari gani, si kilifungwa wapi. Kwa hiyo ninapotafuta spea naliacha neno Mustang kabisa. Naandika namba ya katikati na mwaka, au naandika Falcon, Fairlane, Comet, magari mengine ya kampuni ya Ford. Mustang ilijengwa juu ya mifupa ya Falcon, na 289 ilifungwa kwenye magari yote hayo. Kitu kilekile kikiandikwa Falcon mara nyingi nakipata kwa karibu nusu ya bei, kwa kuwa muuzaji hajui kwamba watu wa Mustang wanakihitaji. Hesabu tu usafirishaji kabla hujafurahi: kifaa cha chuma cha kuyeyushwa kinaweza kugharimu nauli kuliko chenyewe, ndiyo maana vitu vizito navikusanya mpaka viwe mzigo mmoja.

Tarehe pia imechongwa. 5L18 ni tarehe 18 Novemba 1965: A ni Januari, herufi I inarukwa, M ni Desemba. Muuzaji akidai kifaa ni cha awali cha gari la Januari 1966 na tarehe inasema Juni 1966, mwachie.

Balansa ya mbele na flaiwili, yaani magurudumu mazito ya ncha mbili za krankishafti, ni jambo fupi lakini zito. 289 husawazishwa kwa aunsi-inchi 28. 302 za miaka ya 1980 kwenda mbele ni 50. Zinaingia vizuri, kisha injini inatetemeka mpaka bearingi zinakwisha. Na kamshafti ya 302 yenye nguvu ya wakati huo hubadilisha mpangilio wa silinda kuwaka: 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8, ile ni 1-3-7-2-6-5-4-8.

Spana ziwe za inchi. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, na spana 13 itakikamata mara mbili tatu, ya nne itakilamba kona. 9/16 ni milimita 14.3: 14 haiingii, 15 inacheza. 5/8 pekee ndiyo nakubali kutumia 16.

Umeme wa kuwasha nao una waya mmoja unaouawa kila mahali. Kutoka swichi ya ufunguo kwenda koili kuna waya wa pinki wenye ukinzani, unaopunguza volti injini ikishawaka; wakati wa kupiga stata koili inapata volti 12 kupitia solenoidi. Mtu akikuta waya umekauka anaweka waya wa kawaida, gari linawaka vizuri zaidi, na pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata na kufunga umeme wa koili) zinaungua ndani ya muda mfupi. Pima kwenye chanya ya koili, ufunguo ukiwa umewashwa na pointi zimefungwa: volti 6 hadi 8 ni sawa. Pointi zikiwa wazi utasoma 12 hata kama waya ni mzima, kwa hiyo zungusha injini kwa mkono mpaka zifunge. Nafasi ya pointi ni inchi 0.017, plagi 0.034. Plagi zenyewe ni za milimita 18.

Geji ya mafuta na ya joto zikifa pamoja, usifungue tanki. Nyuma ya dashibodi kuna kidhibiti kidogo kinachokatakata umeme uwe wastani wa volti 5. Kipime kwa taa ya majaribio: ikipepesa ni kizima. Mita ya dijitali itakuchanganya.

Kabureta ya Autolite 2100 usiitupe kwa ajili ya mpya ya bei nafuu. Tafuta 1.08 ubavuni, ndiyo ya 289. Yangu ilikuwa ikitoa moshi mweusi na kunuka petroli. Kiini kilikuwa valvu ya nguvu iliyoko chini ya bakuli, kiwambo chake kimepasuka. Kifurushi changu cha gasketi kilikuwa na ile valvu, na kazi nzima ilikuwa mchana mmoja.

Breki za 1966 zina masta silinda ya saketi moja. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Hilo sikulivumilia: nimefunga masta ya drum (breki za ngoma) ya 1967 yenye saketi mbili, nikatengeneza mabomba mapya yenye midomo iliyokunjwa mara mbili. Mdomo wa mkunjo mmoja hupasuka, usiukubali hata fundi akiapa. Ukiwa na diski mbele, masta ya drum haifai, kwa sababu ina valvu inayobakiza shinikizo na pedi zitakwaruza muda wote.

Sili ya nyuma ya krankishafti ilikuwa ya kamba. Unapoweka ya mpira, kuna pini ndogo kwenye kifuniko cha bearingi ya nyuma iliyoshikilia ile kamba. Ing'oe na uzibe tundu lake. Ukiiacha itatoboa sili mpya, na oili itarudi kudondoka palepale kabla hujamaliza kufunga gia boksi.