Gudulia la Maji Kichwani Pake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tulikuwa tuendelee na Waefeso sura ya 4. Nimeifungua mara mbili, nikaifunga. Nawaandikia saa tisa usiku nikiwa Dodoma kwa mwanangu, na chumba cha pili mkwe wangu ndiyo kwanza amepata usingizi. Waefeso watatusubiri. Leo nitasema lililonielemea.

Wengi wenu mnajua mkwe wangu ni mjamzito. Mlisikia "mimba inamsumbua" mkadhani ni kule kusumbuliwa tulikokuzoea: asubuhi kichefuchefu, mchana ndimu na udongo wa pemba, jioni mtu anakula ugali wake. Hata mimi nilidhani hivyo. Mwanangu aliponipigia simu mara ya kwanza nilimjibu maneno ambayo leo yananichoma. Nilimwambia, "Mimba si ugonjwa. Mwambie ajikaze. Mimba yako wewe nililima nayo viazi mpaka siku ya uchungu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, mama." Hakunipigia tena kwa wiki mbili.

Alipopiga tena, aliniomba nije. Nikapanda basi kutoka Njombe na parachichi na vitunguu swaumu kwenye kikapu, kama mama anayekwenda kuona wajukuu. Mlangoni nikapokewa na mjukuu wangu wa miaka minne. Akaniambia, "Bibi, kikapu kibaki nje, kinanuka." Jiko la mkaa lilikuwa limehamishiwa uani kwa jirani, maana harufu ya kitunguu kikikaangwa tu inatosha kumwangusha mama yake. Nikamkuta mkwe wangu amelala sakafuni, shavu kwenye simenti kwa sababu ina ubaridi, pua amejifunga kanga. Kando yake kopo la mate. Hata mate yake mwenyewe yalimshinda kumeza. Akakohoa mara moja, na yule mtoto akatoka mbio, akarudi na beseni amelishika kwa mikono miwili, akamshikia mama yake, akageuza uso ukutani mpaka amalize. Hakuna aliyemwita. Alishazoea kazi hiyo.

Wapendwa, nilisimama pale nikayasikia maneno yangu ya viazi yakinirudia.

Kliniki ya kwanza alikuwa na kilo 61. Siku ile, wiki ya 11, alikuwa na 54. Maji kijiko kimoja yanarudi. Mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Tukampeleka hospitali, nesi akachovya kijiti kwenye mkojo, kikageuka zambarau, akatueleza kwamba mwili umekosa chakula umeanza kuunguza mafuta yake wenyewe. Akalazwa siku tatu: dripu, vitamini B1, dawa ya kuzuia kutapika. Tukarudi nyumbani tukishukuru. Siku ya nane tukarudi tena wodini.

Ugonjwa huu una jina, haiparemesisi, yaani kutapika kupita kiasi kwa mjamzito, nao si uvivu wala deko. Mwanangu alinisomea kwenye simu kwamba mwaka 2023 watafiti walionyesha kuwa chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, ambayo mimba yenyewe huimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama. Mwanamke ambaye mwili wake ulizoea kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndiye inayempiga zaidi. Mmoja wa watafiti hao, Marlena Fejzo wa Marekani, aliugua hivi hivi na akapoteza mtoto mwaka 1999. Nilipomaliza kusikiliza nilijiuliza ni dada zetu wangapi tumewazika vijijini tukisema "walikuwa wadhaifu".

Sasa neno. Usiku mmoja mkwe wangu aliniambia taratibu, "Mama, mimi nimechoka. Bora nife." Nami, mwanamke wa maombi wa miaka thelathini, nikamjibu haraka haraka kwamba asikiri hivyo, ashike ahadi. Akageukia ukutani. Nilipobaki peke yangu nikafungua 1 Wafalme 19, na Roho wa Bwana hakuniacha. Eliya chini ya mretemu alisema nini? "Yatosha." Akaomba roho yake iondolewe. Nabii huyo! Aliyeshusha moto Karmeli! Na Bwana hakumkemea hata neno moja. Hakumwambia ajikaze. Hakumkumbusha kwamba manabii wengine walivumilia. Malaika alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji.

Angalieni lilipowekwa gudulia. Kichwani pake. Halikuwekwa jikoni aende kuchota, wala hakuambiwa akipata nafuu aje mezani. Liliwekwa pale mkono wa mgonjwa unapofika bila kuinuka. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Akalala tena! Malaika hakusema, "Nimekulisha, mbona hujapona?" Alirudi mara ya pili na kumwambia safari hii ni kubwa mno kwako. Hilo ndilo neno ambalo mkwe wangu hakuwahi kulisikia kwangu. Mimi nilimwambia safari ni ndogo, kila mwanamke anaipita. Mbingu zinakiri kwamba ni kubwa mno. Na Rebeka naye, watoto waliposhindana tumboni, aliuliza kwa nini aishi, akaenda kumwuliza Bwana, na Bwana akamjibu. Hakuambiwa hana imani.

Niseme na la uchungu, maana nikilinyamazia nitakuwa mnafiki. Walikuja akina mama wa maombi hapa nyumbani. Siwataji, na najua walikuja kwa upendo. Wakasema kuna mtu anamchezea. Wakatangaza siku tatu za kufunga, na wakamtaka yeye naye afunge. Afunge! Mtu ambaye kwa wiki tano hajashusha mlo mmoja ukakaa tumboni. Mmoja akashika pakiti ya vidonge akasema hivi vitadhuru mtoto, aviache amtegemee Mungu. Akaviacha. Siku ya pili jioni tulimbeba kwenye teksi hajui aliko.

Dada zangu, nawasihi kwa machozi. Dawa hizi daktari aliziandika akijua ni mjamzito, nazo zinatumika kwa wajawazito miaka mingi. Mwenye mamlaka ya kuzibadilisha ni yeye aliyeziandika. Ukitaka kufunga, funga wewe mwenye nguvu, na ule mlo ulioacha upeleke kwenye nyumba hiyo. Isaya 58 inasema kufunga anakokuchagua Bwana ni pamoja na kuwagawia wenye njaa chakula chako. Na mkiona mjamzito hawezi kuweka hata maji tumboni siku nzima, mkojo umekuwa mweusi au umekatika, akisimama anaona giza, msimkusanyikie kwa nyimbo. Ita gari. Ombeni humo humo garini.

Nilimwomba mkwe wangu msamaha Jumapili. Nilipiga magoti kando ya godoro, ingawa kwetu mkubwa kumpigia magoti mdogo si jambo jepesi, nikamwambia, "Mwanangu, nilikuona mvivu. Nisamehe." Alilia, nami nikalia, kisha akatapika, tukacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo ananiambia ukweli wa anavyojisikia. Zamani alinificha.

Mume wake naye mnamuombea? Huyu kijana anaamka saa kumi, anafua mashuka, anampeleka mtoto shule, anakwenda kazini na macho mekundu. Mimba imemkataa hata harufu yake. Ameacha marashi, amebadilisha sabuni, analala sebuleni kwenye mkeka. Hakuna aliyemuuliza yeye anaendeleaje. Wanaume wa jumuiya, mkikutana naye baada ya ibada msiishie "hongera baba".

Sasa tupo wiki ya 17. Wengi hupata nafuu wakikaribia wiki ya 20, na wapo wanaokwenda nao mpaka kujifungua, kwa hiyo simwahidi tarehe. Tumejifunza machache: vipande vya barafu anyonye badala ya kunywa, biskuti kavu kabla hajainua kichwa, dawa kwa saa yake hata kama siku hiyo anaona afadhali. Nimeweka chupa ya maji na kijiko kwenye kigoda kichwani pake. Kila nikipita naangalia kama maji yamepungua. Jana yalipungua vijiko kumi na vinne, na hakuna kilichorudi. Nilimhesabia Mungu kimoja kimoja.

Waliopo Dodoma, tumepanga zamu ya kukaa na mjukuu na kupika nje. Jumatatu na Jumatano zimepata watu. Alhamisi bado. Atakayekuja asipake mafuta yenye harufu, asibebe chakula cha kukaanga, na akifika asigonge kwa nguvu. Mtoto atamfungulia.