Ellington pale Newport, 1956

Ninachosikiliza sasa: Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazz, akiwa jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani, 1956. Chukua toleo la 1999 la CD mbili, achana na LP (santuri) ya kwanza, maana sehemu kubwa ya ile LP ilirekodiwa upya studio na makofi yakabandikwa juu. Kwenye solo yake ya mizunguko 27, mpiga saksafoni wa bendi hiyo, Paul Gonsalves, alipulizia maikrofoni ya redio ya Voice of America, si ya Columbia, kampuni iliyotoa LP, ndiyo maana saksafoni kwenye LP inasikika kwa mbali. Toleo la 1999 linaoanisha tepu mbili za mono (sauti ya njia moja), ya redio na ya Columbia, kupata stirio (njia mbili, kushoto na kulia). Vaa hedifoni. Spika moja ya simu inazichanganya njia hizo mbili kuwa mono tena, na utamu wote kwisha. Ellington mwenyewe utamsikia akimpigia kelele Gonsalves aendelee.