Redio ya Zilipendwa Iliyonyamaza Mtwara

Kwa miaka michache mji wetu wa Mtwara ulikuwa na redio ndogo iliyopiga zilipendwa tangu alfajiri hadi usiku, nami niliisikiliza zaidi katika kibanda cha mjomba wangu, fundi cherehani wa Chikongola, ambaye mshale wa redio yake haukuwahi kuhama kutoka masafa hayo. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa nasikia wapo ambao bado wanadai mishahara yao.

Mtangazaji wa jioni alikuwa mzee asiyepiga wimbo bila kuueleza. Yeye ndiye aliyenifundisha kukadiria umri wa wimbo kwa jina la bendi tu. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi iliitwa NUTA Jazz kwa sababu chama chenyewe kiliitwa NUTA. Chama kilipogeuka kuwa Juwata, bendi nayo ikawa Juwata Jazz, kisha ikawa OTTU, hadi leo tunapoiita Msondo Ngoma. Basi likitajwa jina la Juwata, mjomba aliondoa mguu kwenye pedali na kusema, "Hapo nilikuwa nimeshaoa." Ikitajwa NUTA, alinyamaza kidogo, maana hiyo ilikuwa enzi ya ujana wake ambayo mbele ya shangazi haikusimuliwa.

Mzee huyo alieleza pia mitindo ya bendi: Western Jazz na saboso yao, Atomic Jazz ya Tanga na kiweke, Mlimani Park na Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo. Hapo mjomba, Mmakonde wa damu, aliuliza kila mara sindimba, ngoma ya kwao, ilikosa nini.

Nyimbo nyingi zilitoka katika kanda ambazo mtangazaji alizirekodi mwenyewe zamani kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kabla ya sheria ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa redio za watu binafsi ndiyo iliyozirekodi bendi zetu katika studio zake. Ndiyo maana wimbo ulipokaribia kwisha, mara nyingine ilisikika sauti ya mtangazaji wa Dar es Salaam ikianza kutaja saa ya siku iliyokwisha pita miaka mingi, na mjomba aliitazama saa yake ya mkononi kwa mzaha.

Salamu hazikuletwa tena kwa kadi kama enzi zile, bali kwa ujumbe wa simu. Watu waliwasalimu ndugu zao wa Newala na Masasi, ingawa mawimbi ya FM hayakufika huko. Sidhani kama hilo lilimsumbua yeyote.

Matangazo ya biashara yalikuja msimu wa korosho, wakati wenye maduka wana la kutangaza, na msimu ulipokwisha yalikauka, huku mafuta ya jenereta na ada ya leseni vikiendelea kudaiwa. Siku moja tuliwasha redio tukakuta mkwaruzo mtupu. Mjomba aliuacha mshale palepale kwa wiki kadhaa.

Sasa anatumia flashi aliyojaziwa nyimbo na kijana wa stendi, ambayo kila wimbo ndani yake umeandikwa namba tu. Juzi ulipoanza wimbo wa kumi na mbili aliondoa mguu kwenye pedali, akanigeukia. "Hii ni NUTA au Juwata?" Nikasikiliza mpaka mwisho, nisijue.