Siku moja maishani mwangu: zamu Tanga, mawe baharini kusini

Saa 11:20 alfajiri. Rasharasha ya mchoo imepiga bati dakika tatu, ikanyamaza. Ni kipupwe, chai ni ya kusimama. Mimi ni mpimaji wa hali ya hewa uwanja wa ndege wa Tanga. Dereva wa bajaji ananiuliza kama leo itanyesha. Huuliza kila siku, nami humjibu vilevile: "Tazama juu, kaka."

Saa 12. Napokea zamu. Kabla sijakaa, ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wangu, baharia wa meli ya mizigo iliyotoka Cape Town kwenda Durban. "Shikamoo dada. Dhoruba imetupita usiku. Barometa inapanda, mbingu buluu. Lakini kila nusu saa linakuja wingu moja, linatupiga mvua ya mawe na upepo wa makofi, halafu jua. Kwani haikuisha?"

Namjibu: "Marahaba. Niambie joto la maji na joto la hewa." Basi.

Saa 3. Kibanda cheupe cha vipimajoto. Kikavu digrii 24.6, kilowevu 21.8, mawingu okta tano, yaani sehemu tano kati ya nane za anga, kusi ya wastani. Saa hii vituo vya dunia nzima vinasoma kwa pamoja, hata kule ambako bado ni usiku wa manane. Huwa nawafikiria wenzangu wa kule, na makoti yao.

Narudi ndani, jibu limefika: maji 21, hewa 11.

Kila kitu kimo humo. Dhoruba za latitudo za kati, zile za kati ya tropiki na ncha za dunia, si ndugu wa Hidaya, kile kimbunga cha Mei 2024. Kimbunga cha kwetu hula joto la bahari. Zile huzaliwa pale hewa baridi inayotoka upande wa ncha ya dunia inapokutana na hewa yenye joto. Hewa ya joto hupanda taratibu juu ya ile ya baridi kama mtu apandaye mlima kwa kuzungukazunguka, na mvua yake ni ya kutwa, wingu limetanda. Mvuke unapogeuka maji hutoa joto, nalo huizidishia dhoruba nguvu. Mpaka wa hewa hizo mbili, ambao tangu enzi za kina Bjerknes, wanasayansi wa hali ya hewa kule Bergen, Norway, mara baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, huitwa kwa jina la mstari wa vita, ukishapita, kila baharia hushusha pumzi.

Lakini mdogo wangu sasa yumo ndani ya hewa baridi, na chini yake unapita mkondo wa Agulhas, unaoteremsha maji ya joto kutoka huku kwetu tropiki. Hewa ya chini inapashwa, ya juu imebaki baridi vilevile. Chukua chelezo, kizamishe, kiachie: hakingoji ruhusa. Hewa iliyopashwa ikipanda hupoa karibu digrii moja kila mita 100. Mvuke ukianza kugeuka matone, hewa hiyo hupoa polepole zaidi. Maadamu hewa inayoizunguka ni baridi kuliko yenyewe, itaendelea kupanda. Huko ndiko kuyumba kwa angahewa tunakokusema kazini, na watu hudhani tunazungumzia upepo.

Nikamrekodia hayo yote. Akajibu: "Kwa hiyo anayetupiga ni bahari?" Ndiyo, mdogo wangu. Na upepo wa makofi ni ule wa juu: mvua na mawe yakishuka huikokota hewa baridi chini pamoja na kasi yake.

Saa 6 mchana. Picha ya setilaiti. Nateremsha macho chini ya Afrika, na lile jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii lipo: jarife la mawingu limetandazwa juu ya bahari. Kila jicho la wavu ni anga tupu, kila uzi ni safu ya mawingu. Yeye yupo humo, anatoka jicho hili anaingia uzi ule. Ndiyo sababu ya jua kila baada ya mawe.

Saa 8. Muhogo wa kuchoma, pilipili nyingi mno.

Saa 9. Vipimo tena. Mdogo wangu anauliza kama usiku mawe yatapungua. Hapa Tanga, wakati wa vuli, ningesema ndiyo: jua hupasha nchi kavu, mawingu huumuka alasiri upande wa Usambara, yakapanda hata kilomita 15, na usiku yakachoka. Bahari haina machweo. Joto lake usiku na mchana ni lilelile, kwa hiyo mawingu yale mafupi, ya kilomita tano au sita tu, hayana saa. Nikamwambia waangalie upande upepo unakotoka, na mawimbi ya kusini magharibi yakigongana na mkondo huwa yanasimama wima.

"Kapteni kasema hivyo hivyo," akajibu. Nikaumia kidogo.

Saa 12 jioni. Okta mbili, kusi imelala. Namkabidhi mwenzangu daftari. Simu: picha ya mawe kiganjani, madogo kama punje za mtama, na nyuma yake kikombe kilichopinduka.

"Dada, hili ni wingu la tisa. Chai yenyewe ndiyo hiyo."